Jeshi Ndani ya Jeshi: Istilahi za Jeshi la Roma ya Kale katika Kijitabu cha Walimu

Kijitabu ninachokusudia kukihakiki hapa ni cha kurasa kumi na nane tu, kimepigwa taipu na kurudufiwa, wala hakikutaja jina la mtungaji wake. Nilikipata kwa mwalimu mmoja wa Katesh, wilayani Hanang. Baadaye nikakuta nakala nyingine mjini Mbulu, imekunjwa katikati na kutiwa ndani ya daftari la maandalio ya masomo. Yaelekea basi kwamba kinasomwa. Madhumuni yake ni mema: kinataka kumweleza mwalimu wa historia, na mwalimu wa dini pia, jinsi jeshi la Roma ya kale lilivyopangwa na nguvu yake ilitoka wapi. Nilipokisoma mara ya kwanza nilifurahi kuona mtu amejitaabisha kuandika habari hizi kwa Kiswahili. Mara ya pili nilianza kukwama. Mara ya tatu nilichukua kalamu.

Habari zenyewe ni sahihi kwa sehemu kubwa. Kasoro imo katika majina, na kasoro hiyo si ndogo kama mtu angeweza kudhani. Warumi walipigana mara nyingi na watu waliowazidi kwa idadi. Kilichowapa nguvu ni mpango: kila kundi lilikaa ndani ya kundi kubwa zaidi, kila moja lilikuwa na mkuu wake, jina lake na kazi yake, hata askari aliyetupwa katika giza la vita alijua amsikilize nani na asimame upande gani wa nani. Anayeeleza jeshi hilo kwa majina yanayogongana anakuwa ameondoa kile kile alichokuja kukieleza. Mwanafunzi atabaki na picha ya umati wa watu wenye ngao.

Na tuutazame mpango wenyewe kwanza, kama ulivyokuwa katika karne ya kwanza na ya pili B.K. Askari wanane walilala hema moja, wakagawana nyumbu wa kubebea mizigo na jiwe la kusagia nafaka. Mahema kumi, yaani watu 80, yalifanya kundi lililoitwa kwa Kilatini centuria. Centuria sita, watu 480, zilifanya cohors. Cohors kumi zilifanya legio moja. Baadaye katika karne ya kwanza cohors ya kwanza ya legio ilikuzwa ikawa na watu karibu 800. Ukiongeza wapanda farasi 120 wa kupeleka habari na kupeleleza, legio nzima ilikuwa na watu wapatao 5,000 na zaidi kidogo. Chini ya Kaisari Augusto zilikuwako legio 28. Tatu ziliangamia pamoja na Varo katika misitu ya Ujerumani mwaka 9 B.K., zikabaki 25.

Sasa tutazame kijitabu. Legio imeitwa “jeshi”. Cohors imeitwa “kijeshi”. Centuria imeitwa “karne” katika ukurasa wa sita, kisha ikageuka “kundi la mia” katika ukurasa wa kumi na moja bila ya maelezo yoyote. Watu wanane wa hema moja wameitwa “kundi” tu.

Nianze na “jeshi”. Msomaji anaambiwa kwamba jeshi la Roma lilikuwa na majeshi 25. Je, ni jeshi moja au ni majeshi 25? Katika Kiswahili cha leo neno hili limepanuka mno. Tunalo Jeshi la Wananchi, na ndani yake Jeshi la Kujenga Taifa. Tunalo Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na jeshi la mgambo. Hata sungusungu wameitwa jeshi la jadi. Watu wa Katesh walipopatwa na maporomoko ya tope na mawe mnamo Desemba 2023, waliofika kuwaokoa walikuwa askari wa majeshi mbalimbali, na kila mmoja aliitwa mwanajeshi au askari kwa kadiri ya sare yake. Mtoto wa mji huo akisoma kwamba majeshi matatu ya Roma yaliangamia, anayo haki ya kuuliza kama polisi wao walikuwamo.

“Kijeshi” ni kosa la namna nyingine. Mtungaji ameona kwamba kiambishi ki- hudogosha, akaunda neno kama mtu aundavyo “kijiji” kutoka “mji”. Lakini “kijeshi” limekwisha kukaliwa. Tunasema mambo ya kijeshi, mafunzo ya kijeshi, utawala wa kijeshi. Mtungaji anapoandika juu ya nidhamu ya kijeshi cha kwanza, msomaji husoma “nidhamu ya kijeshi” kwa pumzi moja, kisha hugonga “cha kwanza” kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti.

Hapa nataka nikumbushe jambo ambalo watungaji wa istilahi walioko pwani na Dar es Salaam hulisahau. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, wengi wa wanaosoma Kiswahili hawakukinyonya na maziwa ya mama, wala lugha za nyumbani kwao si za jamaa ya Kibantu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga ni ya Kiniloti. Na Wahadza wa bonde la Yaeda wana lugha isiyofanana na hizo mbili. Msomaji wa Kisambaa au Kizaramo, akikutana na neno lililobuniwa kwa kupachika kiambishi, huweza kukisia maana kwa sababu viambishi vya kwao vinamsaidia. Msomaji wa Kiiraqw hana mkongojo huo. Neno humfikia likiwa na maana ile tu aliyokwisha kuisikia shuleni, kanisani, redioni na mnadani. Kwa hiyo neno lenye maana mbili humdhuru yeye kwanza.

Kuhusu “karne” sitaki kumcheka mtungaji, kwa sababu na mimi niliwahi kuanguka katika shimo hilo. Miaka mingi iliyopita nilipewa tafsiri moja ya haraka, nami nikaandika kwamba kila kikosi cha Kirumi kilikuwa na karne sita. Mhariri akapitisha, mpiga chapa akapitisha, na mimi niliyetafsiri nilisoma prufu mara mbili nikapitisha pia. Aliyeniamsha ni kijana wa kidato cha pili, aliyetaka kujua kikosi kingewezaje kudumu miaka mia sita. Chanzo cha kosa kinajulikana: Kiingereza kina neno moja kwa miaka mia na kwa kundi hili la askari, na mfasiri aliyefuata Kiingereza alichukua jibu la kwanza la kamusi. Angekwenda hatua moja nyuma, mpaka kwenye Kilatini, angeliona lile neno likiwa na nguo zake mwenyewe.

“Kundi la mia” nalo halitufai, ingawa ni Kiswahili safi. Asili ya neno centuria ni kweli mia. Lakini kundi lenyewe lilikuwa la watu 80. Mwalimu atasema mia, atazidisha kwa sita, atazidisha tena kwa kumi, atapata 6,000, na hesabu haitaoana na ukurasa unaofuata. Nilimwona mwalimu mmoja wa Mbulu aliyejaribu hesabu hiyo pembeni mwa ukurasa kwa kalamu ya risasi, akaifuta, akaijaribu tena.

Watasema wengine: kwa nini tusitumie “kombania”? Ni neno la askari wetu, linajulikana toka siku za ukoloni, na mkuu wa centuria alikuwa na madaraka yanayokaribiana na ya mkuu wa kombania. Nimelifikiria sana pendekezo hili, maana linavutia. Hofu yangu ni historia ya neno lenyewe katika nchi hii. Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 katika kombania 14, na kila kombania ilikuwa ni jeshi dogo linalojitegemea, lenye bunduki zake za mtombo, wapagazi wake na chakula chake. Ya 13 ilikaa Kondoa-Irangi, jirani kabisa na Hanang. Van Deventer aliposhuka na wapanda farasi wake Aprili 1916, akapita Lolkisale na Ufiome katika mvua, akauingia mji wa Kondoa tarehe 19, alipambana na watu waliozoea kupigana kwa mtindo huo wa kombania moja moja. Centuria haikuwa hivyo. Vitani ilisimama ndani ya cohors yake, na cohors ndiyo iliyosogezwa mbele au kurudishwa nyuma na amiri wa vita. “Kombania” linafaa kwa mfano, mwalimu alitaje akiwa anaeleza. Halifai kuwa jina.

Sasa nije kwa “akida”, ambalo kijitabu kimelitumia kwa mkuu wa centuria bila ya kusita. Neno hili mtungaji amelitoa katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambamo Kornelio wa Kaisaria ni akida. Wafasiri wale walistahili sifa kuliko tunavyowapa. Tazama walivyofanya: Pilato na Feliki ni maliwali, mkuu wa kikosi kule Yerusalemu ni jemadari, na wa chini yake ni maakida. Walichukua serikali ya pwani yetu kama ilivyokuwa, liwali na jemadari na akida, wakaihamisha nzima mpaka Palestina. Maneno matatu yanashikana. Msomaji wa zamani wa Pangani au Kilwa alijua mara moja nani anampigia nani saluti. Tafsiri ya Habari Njema iliyokuja baadaye imeandika “ofisa”, neno jepesi, linaloeleweka, na lisilosema cheo hata kidogo; karani wa halmashauri ni ofisa vilevile.

Lakini maneno hayakai mahali pamoja. “Jemadari” aliyetoka Bara Hindi alikuwa afisa mdogo, na hapa kwetu akapanda vyeo mpaka akawa mkuu wa vita. “Akida” alikwenda njia nyingine. Kwa asili ya Kiarabu ni mkuu wa askari. Utawala wa Kijerumani ulimgeuza kuwa mtumishi wa serikali, msimamizi wa majumbe, mkusanyaji wa kodi, na katika nchi za kusini msukumaji wa kilimo cha pamba, na chuki aliyoivuna humo ilikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waingereza walipoleta utawala wa machifu katika miaka ya 1920 akida aliondoka. Kwa hiyo mzee wa Kilwa akisikia “akida” huona kodi, na Mkristo wa Mbulu akisikia “akida” humwona Kornelio akisali. Hakuna kati yao anayemwona mtu ambaye mara nyingi alikuwa askari wa kawaida aliyepanda kwa miaka mingi ya utumishi, akachukua fimbo ya mzabibu kuwa alama ya cheo chake, na kuwatandika nayo watu wake. Mwanahistoria Tacitus anamtaja mmoja ambaye askari walimbandika jina la “Nipe Nyingine”, kwa kuwa kila alipovunja fimbo mgongoni mwa mtu aliita aletewe ya pili. Askari wa mpaka wa Danubi walipoasi mwaka 14 B.K., huyo ndiye waliyemwua.

Maoni yangu ni kwamba “akida” libaki katika Maandiko, mahali lilipopata makao na jamaa zake, wala asiliguse mtu. Katika historia tuseme “mkuu wa senturia”. Jina hilo halina utamu, lakini halidanganyi.

Nimekwisha kuonyesha basi ninakoelekea: lejioni, kohoti, senturia, na kwa wale wanane “wenza wa hema”. Matatu ya kwanza ni ya kigeni, yametiwa sauti za Kiswahili. La nne ni letu, kwa sababu hema tunalo na wenza tunao. Najua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba mwananchi wa kijijini hawezi kubeba maneno ya Kilatini, na kwamba kazi ya istilahi ni kumrahisishia.

Jibu langu liko katika parokia za Jimbo Katoliki la Mbulu. Kile chama cha Legio Maria, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki na Edel Quinn mwaka 1936, kilichukua majina yake makubwa katika Kilatini, mengine kutoka jeshini na mengine kutoka baraza za Kirumi. (Nisieleweke vibaya: sisemi habari za lile kanisa la Kenya lenye jina hilohilo.) Kikundi cha kila juma ni presidiamu, neno ambalo kwa Warumi lilikuwa kituo cha walinzi. Presidiamu kadhaa ziko chini ya kuria, juu ya kuria kuna komitiamu, na kuendelea mpaka senatusi. Bendera ni veksilamu. Mama mkulima wa Dongobesh ambaye hakupata kusoma Kilatini hata siku moja hukwambia bila ya kusitasita presidiamu yake iko chini ya kuria ipi, nani ni katibu, na taarifa hupelekwa lini. Hababaiki, kwa sababu kila jina lina mahali pake na halikopeshwi mahali pengine. Lau wangeliita kila ngazi “chama”, na ile ya chini “kichama”, angelibabaika kama walimu wetu wanavyobabaika na “jeshi” na “kijeshi”.

Tena huyo huyo mama analo faida kuliko mwalimu. Katika Injili ya Marko yule mtu mwenye pepo anajiita Legioni kwa sababu ya wingi, na wasomaji wengi wamechukua kwamba legioni maana yake ni wingi basi. Mwana Legio anajua kwamba ni wingi uliopangwa.

Kijitabu kinafanya jambo moja zaidi ambalo sina budi kulipinga. Ili kumsaidia msomaji wa Hanang, kinalinganisha legio na rika la vijana wa Kidatooga au la Wamaasai. Nia ni njema, na kwa kawaida nawasifu waandishi wanaotafuta mfano karibu na mlango wa msomaji. Lakini mfano huu unageuza jambo kichwa chini. Rika hufungwa na umri: vijana huingia pamoja, huzeeka pamoja, na rika huondoka nao duniani. Legio ilifungwa na orodha. Mtu aliandikwa, akapewa mshahara, denari 225 kwa mwaka katika siku za Augusto, akatumika miaka ishirini au zaidi, akatoka. Nafasi yake ikajazwa na mwingine, na legio yenye namba ile ile na jina lile lile ikaendelea kuwako baada ya wajukuu wake kufa. Kama mtungaji alitaka mfano wa nyumbani, angetazama shule: wanafunzi hupita, madarasa hubaki.

Juu ya askari wa auxilia sitakawia. Kijitabu kinawaita “wasaidizi”, na msomaji huwadhania wapishi na wachunga nyumbu. Kumbe Tacitus anasema idadi yao ililingana takriban na ile ya askari wa lejioni, na walipigana mstari wa mbele. Tofauti yao ilikuwa ya uraia: wengi wao hawakuwa raia wa Roma, na kuanzia zama za Klaudio walipewa uraia baada ya kutumika miaka 25. “Askari wasio raia” ni jina la wazi, ila halikosi kasoro, kwani vilikuwako vikosi vya raia miongoni mwao, na kile cha Kornelio chenye jina la Italia yaonekana kilikuwa kimojawapo. Anayeweza kupata neno bora na alilete.

Kuna pia adhabu ambayo kijitabu kinaiita “kuangamiza kikosi”. Decimatio haikuwa kuangamiza. Ilikuwa kuua mtu mmoja katika kila kumi, kwa kura, na wenzake ndio waliompiga mpaka kufa. Tisa walibaki hai, na hilo ndilo lililokuwa kusudi. Hapa tena ni Kiingereza cha leo kilichompoteza mtungaji, maana Kiingereza kimelitanua neno hilo mpaka likafikia maangamizi yoyote makubwa. “Kuua wa kumi” kunatosha.

Hao tisa, kwa taarifa ya mwanahistoria Polybius, walilazwa nje ya boma na kupewa shayiri badala ya ngano. Mpiga taipu wa kijitabu ameandika kwamba walipewa mashairi. Katika nakala ya mjini Mbulu kosa hilo limeachwa, na sijui darasa lilifikiri nini juu ya jeshi linalowaadhibu waoga kwa tungo. Katika nakala ya Katesh mtu amelikata kwa wino mwekundu, akaandika “shayiri” juu yake. Mwenye nakala hiyo kwao ni Basotu, kwenye mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Huko hakuna haja ya kumweleza mtu tofauti ya ngano na shayiri. Chini ya sahihisho lake ameandika swali: watu 5,000 walikula ngano kiasi gani kwa siku, na ilitoka wapi?

Kijitabu hakimjibu. Wanahistoria hukadiria karibu kilo moja kwa kila askari, yaani tani nne au tano kwa lejioni moja kwa siku moja. Ilikusanywa katika majimbo ya karibu kwa kodi na kwa kununua, ikarundikwa katika maghala ya ngome, na ikagawiwa ikiwa nafaka. Kusaga na kuoka ilikuwa kazi ya wale wanane wa hema moja, kwa jiwe lao wenyewe.